Nondo Wawili Weupe na Ndizi za Mama Nyaga

Wajukuu wangu mnaoanza kazi ya ukulima, mwalimu wenu aliniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo. Nimekaa na kalamu siku tatu. Ya kutia moyo ninayo machache, na hayo mtayasikia kwa wageni wa heshima siku ya kupewa vyeti. Ya aibu ndiyo ninayo tele. Anayetaka mzee wa kumsifu airudishe karatasi hii kwa mwalimu, aende akacheze mpira.

Kazi yangu ilikuwa nondo. Msicheke. Si wale wakubwa wanaojigonga kwenye taa, ni wale weupe wa kahawa, nondo mdogo kuliko punje ya mchele, ukipumua vibaya amekwenda. Baba yangu, mkulima wa huku Meru na mzee wa kanisa, akiulizwa mwanawe Mutwiri anafanya kazi gani alijibu, "Yuko kwa serikali," kisha akageuza mazungumzo. Angesemaje? Kwamba alimsomesha mtoto ili aende kuchungulia makalio ya nondo?

Nondo mwenyewe hana hatia kubwa. Mwizi ni kiwavi wake. Anaingia ndani ya jani la kahawa, katikati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, anakula nyama yote humo humo. Jani linatoka baka la kahawia kama nguo iliyounguzwa na pasi, halafu linaanguka. Mti ukiishiwa majani, msimu huo kahawa isahau.

Taabu inaanza hapa. Nondo hao ni wa aina mbili, na kwa macho ya binadamu ni pacha. Wote weupe, na kila mmoja ana alama ya kijivu kwenye ncha ya bawa. Lakini tabia zao ni mbingu na ardhi. Mmoja anapenda kivuli, mwingine anapenda jua. Ukimpata wa kivuli, unapunguza miti inayotia shamba giza. Ukimpata wa jua, kivuli hicho hicho ndicho rafiki yako, usikiguse. Ukikosea jina, umempa mgonjwa wa kuhara dawa ya kuharisha.

Majina yao ya kitabu yalinishinda, hata leo siyaandiki. Mzee Sudi aliyenifundisha aliwabatiza upya. Huyu Sudi alikuwa Mwislamu wa Majengo, pale Meru mjini. Baba yake alifika na misafara ya zamani, akaoa, akabaki. Ndugu zake wote walikuwa wachinjaji, yeye peke yake akaangukia kutunza masanduku ya wadudu ofisini. Kiswahili changu kizuri ni chake, kibaya ni changu. Siku ya kwanza alinipa lenzi, nami nikaishika karibu na jani, nikainama. Nikasikia kofi la kisogo. "Lenzi inakaa jichoni, jani ndilo linaloletwa. Wewe unatazama au unanusa?"

Alinifundisha mayai. "Nondo atakudanganya," alisema. "Tazama alivyotaga." Wa kivuli hutaga mayai kwa mstari mmoja, yamegusana, kando ya mshipa mkubwa wa jani. Sudi alimwita Askari, kwa ajili ya gwaride. Wa jua hutaga moja hapa, moja pale, hayagusani, jani zima. Huyo alimwita Soko, maana yamekaa kama akina mama waliotandaza vitu vyao, kila mmoja pahali pake. Mayai ni vidoa vyeupe vidogo mno. Liinamishe jani kwenye jua la asubuhi, yatang'aa. Baka likiwa changa nalo linasema: la Askari huanza moja, la Soko huanza madogo madogo halafu yanaungana. Likizeeka, la huyu na la yule ni sawa. Basi kama mabaka ni makuukuu na mayai hayapo, funga daftari, panda mlima, ukatafute mti wenyewe.

Na nondo usimtaje jina kwa macho matupu hata ukisifiwa vipi. Mabawa yake yana unga. Ukimgusa unga unatoka, na akiwa kipara hata mamake hamjui. Siku moja nilipiga chafya juu ya trei ambayo Mzee Sudi alikuwa ameipanga wiki nzima. Nondo wa Meru wakaenda kulala na nondo wa Embu. Nilingoja matusi. Akavua kofia yake, akaitazama trei, akasema, "Haya, bwana mkubwa. Sasa wapange foleni uwaulize vipande vyao." Kipande ni kitambulisho, na miaka ile ulipoulizwa kipande barabarani na huna, ulilala ndani. Tulicheka mpaka karani wa chumba cha pili akaja kuchungulia.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, ile sisi tunaita Imajensi. Nilihamishiwa Embu, upande wa Kianjokoma. Kahawa ya watu wetu ilikuwa bado jambo jipya, tena la ruhusa: unapewa idadi ya miti, unasomewa masharti, ukiyavunja inang'olewa. Na watu walikuwa wametolewa kwenye mashamba yao wakarundikwa vijijini. Kijiji kilizungushiwa handaki lenye vijiti vya ncha, na lango moja tu, na homugadi, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, langoni na bunduki. Asubuhi wanawake walifunguliwa waende mashambani, alasiri wote wawe wamerudi. Aliyechelewa alijuta.

Mashamba ya juu yalipakana na msitu. Ili nifike huko ilibidi niombe homugadi wa kunisindikiza, tupande saa nzima kwenye tope. Mimi nikajitungia njia rahisi. Niliketi langoni kwenye kibanda cha walinzi, juu ya kigoda, nikawaambia akina mama, "Kila mtu aniletee majani kumi yenye mabaka, kutoka miti kumi, na nondo wachache ndani ya kibiriti." Wakaleta. Ripoti zangu zikawa zinafika kabla ya za mtu mwingine yeyote. Bwana Shamba, yule mzungu aliyekuwa mkubwa wetu, akawaambia wageni mbele yangu, "Huyu Mutwiri anamjua nondo kwa kumtazama tu." Wajukuu wangu, sifa inalewesha. Nililewa nikiwa nimekaa.

Kati ya wanawake hao alikuwa Wawira, tuliyemwita Mama Nyaga. Mumewe alikuwa kizuizini na hakuna aliyejua ni kambi gani. Alikuwa na watoto wawili, Nyaga na dadake Marigu, na kishamba cha kahawa karibu na msitu. Kwenye kingo za matuta kulikuwa na safu za migomba ambayo mumewe alipanda kabla hajachukuliwa. Sasa fikirini. Mahindi na maharagwe yanataka kupaliliwa, na saa za kutoka langoni hazikutosha, kwa hivyo nyumba nyingi kijijini zililala njaa. Mgomba haudai palizi. Mama Nyaga alirudi na ndizi mbichi, akachemsha, watoto wakala, na jirani mwenye mtoto mchanga akapata kidogo. Migomba ile ndiyo iliyokuwa baba wa nyumba, na mimi nilijua. Nilikuwa nikimwona akipita nazo kila siku.

Akaniletea majani yake kumi, yamefungwa kwa jani la mgomba, nadhifu kabisa. Nikafungua. Majani yanang'aa. Mabaka mapana, makuukuu. Mayai, hakuna hata moja. Nikafungua kibiriti: nondo watatu, wamesuguana njia nzima, vipara.

Hapo ndipo pa kufunga daftari na kupanda mlima. Nilitazama mawingu huko juu. Nikamtazama homugadi wa zamu, ambaye kutembea alikuwa hapendi. Nikajiuliza, kwake kuna migomba? Ipo. Kuna kivuli? Kipo. Nani anapenda kivuli? Nikaandika Askari, na chini yake nikaandika, kama masharti yalivyotaka, kivuli kiondolewe.

"Ni mbaya, mwalimu?" aliniuliza.

"Ni hizo ndizi zako. Zinafuga ugonjwa."

Nilisema hivyo hivyo, bila kuinua kichwa.

Amri ikatoka upesi. Jumamosi, siku ya kazi ya kijiji, migomba ya Wawira ikatwe yote. Hedimani, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, alifurahi kupita kiasi. Alikuwa akisema siku zote kwamba ndizi za karibu na msitu zinalisha watu wa msituni, wale waliokuwa wakipigana na serikali, na sasa mtaalamu wa serikali amempa sababu safi kwa maandishi.

Alhamisi kabla ya Jumamosi hiyo Mama Nyaga alikuja tena na fungu jingine. Sikuwa nimemwomba. Nadhani alitumaini majani mengine yatasema neno jingine. Alikuwa kwenye foleni ya kupekuliwa nje ya lango, hajaniona. Nikamwona akitoa jani moja, analitemea mate kidogo, analisugua kwa ncha ya leso juu na chini, analiinua kwenye mwanga, analiweka. Anachukua la pili.

Nikatoka mbio. "Mama Nyaga, unafanya nini?"

"Napangusa, mwalimu. Hii majani ilikuwa na uchafu mdogo mdogo mweupe, kama chumvi. Hata zile za kwanza nilipangusa yote." Akacheka kidogo, akifunika mdomo. "Sasa ungempelekea mzungu wako majani machafu? Si angesema watu wa hapa ni wachafu? Na aibu ingekuwa yako."

Kwetu ndivyo tulivyo, Meru ni hivyo na Embu ni hivyo. Kibuyu cha uji cha mgeni kinasuguliwa mara mbili. Ukimpelekea mwalimu mayai, unayaosha kwanza. Mamangu mwenyewe alikuwa akifagia njia mpaka barabarani akisikia kuna mgeni wa kuja. Mimi niliyelelewa katika nyumba hiyo niliwaambia wanawake wa watu waniletee majani, na sikuwaambia wasipanguse. Ningekuwa na akili ya kuku ningejua. Kumbe mwanamke alikuwa akinipangusia ushahidi wake mwenyewe, kwa heshima.

Siku hiyo hiyo nilipanda. Homugadi alinung'unika njia nzima. Nilipofika shambani nilishika jani la kwanza lililokuwa mtini, nikaliinamisha juani. Vidoa vimetawanyika kote. Soko. Mti wa pili, Soko. Wa kumi, Soko. Na miti iliyokuwa chini ya migomba ilikuwa na mabaka machache, ile ya mwisho kule kwenye jua kali ndiyo iliyokuwa imebaki fito. Migomba haikuwa ikifuga ugonjwa. Ndiyo iliyokuwa ikiizuia kahawa isife.

Kwa hivyo nilijua. Naandika hivi ili msije mkasema mzee alikosea kwa kutojua. Alhamisi mchana nilijua, na amri ilikuwa ya Jumamosi, na nilikuwa na Ijumaa nzima.

Ijumaa nilikwenda ofisini. Niliketi kwenye benchi nje ya mlango wa Bwana Shamba, nikipanga maneno. Nimekosea jina, Bwana. Maneno matatu, hata mtoto anaweza kuyasema. Mlango ukafunguka, akasimama, akaniuliza, "Mutwiri, una neno?"

"Hapana, Bwana. Nimekuja kuchukua karatasi za ripoti."

Nikapewa karatasi. Nikashukuru.

Mtasema niliogopa. Kweli, hofu ilikuwapo. Instrakta mwenzangu, mwalimu wa kilimo wa kilima cha pili, alikuwa amechukuliwa mwezi huo huo, kwa sababu aliomba amri fulani icheleweshwe, wakasema ni rafiki wa msitu. Kutetea migomba iliyo karibu na msitu kungeniletea maswali. Wazee wenzangu wakisimulia miaka ile, wote hujificha chini ya hofu hiyo, na mimi nimejificha humo mara nyingi, ni pahali pana. Lakini nikiwa mkweli, hofu ilikuwa robo tu. Robo tatu ilikuwa kiburi. Sikutaka kuwa yule mtu wa kumjua nondo kwa kumtazama, ambaye hakumjua.

Jumamosi migomba ilikatwa. Hedimani alimpa Mama Nyaga panga yeye aanze, ili wengine wajifunze. Akakata. Majirani aliokuwa akiwapa ndizi wakakata migomba iliyobaki, hakuna aliyeimba, na kazi ya wanawake bila wimbo ni kitu kibaya kusikiliza. Mikungu yote ilibebwa ikapelekwa kwa walinzi. Mimi nilisimama na daftari. Walipomaliza alinijia, mikono imejaa utomvu.

"Asante kwa kuniambia mapema, mwalimu. Ningepoteza kahawa yote."

"Haya, mama," nikasema.

Miezi michache baadaye jua lilikuwa limeipiga ile kahawa na Soko alikuwa kwenye kila jani. Nikatumwa tena. Mnajua nilichoandika? Niliandika kwamba nondo mpya ameingia shambani. Mpya! Nikasifiwa tena kwa kumgundua mapema. Huo ndio uongo nilioandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote.

Na Marigu hakuwa tena kijijini. Chakula hakikutosha watoto wawili, ikabidi mama achague. Nyaga alibaki, msichana akapelekwa kwa shangazi yake huko chini Siakago, akachunge mbuzi ale.

Nilipopata likizo nilimweleza Mzee Sudi yote, kwake Majengo, tukinywa kahawa chungu. Nilidhani atanizaba kofi kama zamani, yaishe. Hakunizaba. "Sasa mimi ukinieleza inanisaidia nini?" akauliza. "Mimi nina migomba? Mwenye migomba yuko Kianjokoma. Mficha uchi hazai, Mutwiri. Nenda." Nikasema nitakwenda. Alikufa kabla sijakwenda.

Nilikwenda nikiwa karibu kustaafu, nchi imekuwa yetu siku nyingi, mimi nina mvi na cheo. Mama Nyaga alinitambua kabla sijafika mlangoni. Mumewe alirudi kutoka kizuizini, akaishi, akafa. Yeye bado alikuwa na nguvu. Aliwaita wajukuu wote wakaja kunipa mkono. "Huyu ndiye mwalimu aliyeniokolea kahawa," akawaambia. Marigu naye alikuwapo, amekuja kumwona mamake, mama mzima mwenye watoto wake.

"Huyu msichana wangu alikosa shule kwa ujinga wangu," Mama Nyaga akasema, akimshika bega. "Mimi na baba yake tulipanda ndizi mahali pabaya, tukaleta ugonjwa, na mimi nikachelewa kuzitoa. Ndiyo sababu katika boma hili hakuna mtu anayepanda mgomba. Hata mmoja. Ndizi tunanunua sokoni."

"Mama, wacha hayo," Marigu akasema. "Ni zamani."

"Siachi. Kosa lako likimnyima mtoto, unalisema."

Akaniwekea sahani mbele. Kwa heshima yangu alikuwa ametuma mtu sokoni Kianjokoma kununua ndizi mbichi, zikachemshwa na nyama. Nilifungua mdomo. Wote walikuwa wakinitazama, watu wazima na watoto, wakingoja mgeni aseme neno.

"Ndizi ni tamu sana, mama," nikasema. Nikala, nikamaliza, nikaongezewa.

Mama Nyaga ametangulia. Nilisikia habari za mazishi siku zimepita, au labda nilihakikisha nisizisikie mapema, sijui. Alizikwa akiamini kwamba ni yeye aliyewanyima watoto wake chakula. Marigu yuko hai, naye sasa ni bibi, na bado anaamini hivyo.

Kwa hivyo kabla sijawaandikia nyinyi, wiki iliyopita nilimwandikia yeye kwanza. Kurasa nne, kila kitu: majani, mayai, Alhamisi, benchi la Ijumaa, ile ripoti ya nondo mpya. Nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe, nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo. Nikaikunja barua, nikatafuta bahasha, nikaandika Marigu, binti ya Wawira, Siakago. Kalamu ilikuwa bado juu ya jina lake nilipokumbuka kwamba hajui kusoma, na kwa nini hajui. Jumatatu nakwenda Siakago kumwambia kwa mdomo wangu.